Siku Mzee Nyamhanga Alipopima Gari Kama Ng'ombe wa Mahari

Nyie mnaoshinda gereji ya Turwa mkingoja Neema ageuke ili mtoe simu mfukoni, hebu wekeni spana chini kidogo. Ile grisi iliyoganda sakafuni, ambayo hakuna anayetaka kuikwangua, niliimwaga mimi kwa miaka mingi, kwa hiyo nina haki ya kuwasumbua. Nimestaafu. Mgongo umegoma kuingia chini ya gari, na siku hizi nahitaji miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza. Mdomo ndio haujastaafu.

Neema, bosi wenu, nilimfundisha kushika bisibisi kabla hajanipita kwa kila kitu. Juzi alikuja nyumbani akaniambia kwamba vijana wenye magari ya spoti wamekuwa wengi, na kila anayekuja anasema neno moja: "Niongezee nguvu." Nanyi mnamjibu, "Hiyo ndogo tu, kaka," kabla hata ya kufungua boneti. Hapo ndipo nilipokasirika nikatafuta kalamu. Nataka niwasimulie habari ya Marwa, kijana ambaye nusura akose mke kwa sababu ya gari, na mimi fundi wake nusura niwe chanzo.

Lakini kwanza mjue kwamba mimi mwenyewe niliwahi kujibu kama nyie.

Kazi nilifundishwa na Mzee Shabani. Baba yake alitoka Tanga akaja Tarime na sanduku la vifaa, na mtoto akarithi sanduku pamoja na subira. Mimi nilikuwa na haraka. Siku moja akaenda msikitini kuswali Ijumaa, akaniachia gari dogo la saluni lililopakwa mstari mwekundu ubavuni. Enzi zile mstari ule ndio uliokuwa spoti. Mwenye gari akaniambia anataka likimbie. Nikachukua kabureta ya injini kubwa iliyokuwa imetupwa kwenye kona, nikaichongea kitako, nikaifunga. Lilikimbia kweli! Tuliteremka mlima na mwenye gari akipiga vigelegele, mpaka nilipokanyaga breki na breki ikatoa moshi badala ya kazi.

Tuliishia kwenye migomba ya mama mmoja. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, isipokuwa migomba. Yule mama alikuja na jembe mkononi, akatuzunguka, akasema gari halitoki shambani mpaka aliyelileta apande machipukizi mapya kwa mkono wake. Mzee Shabani alipofika alinikuta kwenye shimo. Akaketi juu ya shina la mgomba ulioanguka.

"Umeliongezea mwendo," akasema. "Na kusimama umeliongezea nini?"

"Migomba, mzee," nikajibu.

Alicheka mpaka kofia ikamtoka. Halafu akaniambia nichimbe zaidi, shimo langu lilikuwa fupi. Tangu siku ile gari lolote lililoletwa kwangu kuongezwa nguvu nilianza nalo magurudumuni, nikamalizia kwenye injini. Wateja wengi waliniona mshamba.

Sasa Marwa. Huyu alikuwa anauza vipuri vya karasha kule Matongo, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Kijana mchangamfu, mwenye maneno mengi na viatu vyeupe katika mji wenye vumbi jekundu. Akanunua gari la milango miwili, lililolala chini kama kenge, la Kijapani, lenye turbo ndogo ya kiwandani. Alikuwa akienda nalo Matongo kwenye barabara ya mawe, na kila wiki linarudi na kovu jipya tumboni. Akalishusha chini zaidi ili lipendeze. Akakata mafla ili lingurume. Ukiwa sokoni unajua Marwa ameamka.

Na Marwa alikuwa anampenda Bhoke, binti wa Mzee Nyamhanga, mfugaji anayekaa kilimani, nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Musoma. Bhoke naye alikuwa anampenda. Kizuizi kilikuwa mzee. Mtoto wake wa kwanza, Mwita, alifariki kwa pikipiki kwenye barabara ile ile, kwenye kona unayoiona ukisimama mlangoni kwao. Kila mara gari la Marwa liliponguruma kupita pale, mzee aliingia ndani akafunga mlango. Wazee wa Marwa walipokwenda kuposa, aliwapokea vizuri, akawapa chakula, akawajibu kwa kifupi: "Sitamtoa binti yangu kwa mtu anayekimbilia kaburi."

Marwa alikuja gereji siku iliyofuata. Mnafikiri alikuja kuomba gari litulizwe? Alikuja na turbo kubwa kwenye boksi, ameitoa Sirari kwa rafiki yake wa upande wa Kenya. Akanipigia huyo rafiki simu, akaweka sauti ya nje.

"Mzee, weka hiyo kitu tu," rafiki akasema. "Hiyo gari itatoka mbio mpaka ushangae, si unajua?"

"Na ikishatoka mbio, nani ataishika?" nikamuuliza.

Simu ikakatika. Marwa akasema ni mtandao.

Nikamuuliza kwa nini anaongeza nguvu wakati mkwe wake analia na kidogo iliyopo. Hapo akaacha utani. Akaniambia kwamba anapotoka Musoma kurudi Tarime, ule mlima una malori, na gari lake likitaka kuyapita linakata pumzi katikati, akiwa upande usio wake. Mara mbili alirudi nyuma ya lori kwa bahati tu. "Naogopa, fundi," akasema. "Nikiwa na Bhoke ndani itakuwaje?" Nilimpenda kuanzia pale. Kijana anayekiri kuogopa gari lake anafundishika.

Basi nikamwambia: hiyo turbo irudishe kwenye boksi. Turbo kubwa haiji peke yake. Itataka pampu ya mafuta kubwa, itataka klachi ngumu, itataka pistoni na vyuma vya ndani vinavyoweza kuhimili, na usipovipa, vitakuja kukuomba vyenyewe barabarani. Halafu kuna wenye bima. Badilisha gari kimya kimya, siku ya ajali watakuuliza kwa upole sana, na utarudi nyumbani na upole wao. Na ukibadilisha injini nzima, lazima kadi ya gari nayo ibadilishwe, la sivyo unaendesha gari ambalo kwa karatasi halipo.

Tukaanza kwa kutafuta nguvu iliyopotea. Hili mlishike, vijana. Mteja akisema gari halina nguvu, mara nyingi lilikuwa nazo, zimeibwa. Huku kwetu juu hewa yenyewe ni nyepesi, injini inahema kabla haijaanza kazi, kwa hiyo kila upenyo unahesabika. Chujio la hewa la Marwa lilikuwa limejaa vumbi la Matongo, ungeweza kupanda mchicha. Plagi zilikuwa zimekwisha. Kisha nikaufuata ule mpira mnene unaopeleka hewa kutoka turbo kwenda injini, nikakuta umepasuka, na mtu ameufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikaanza kumtukana huyo fundi. Nikamtukana yeye, na ufundi wake, na aliyemfundisha. Halafu nikaliangalia fundo vizuri.

Lilikuwa fundo langu. Nilikuwa nimemfungia mwenye gari wa zamani ili tu afike Musoma.

Neema alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Alinipa tu mpira mpya, na kwa mwezi mzima, kila nilipoanza kulalamika kuhusu kazi ya mtu, aliniuliza, "Umeangalia fundo, mzee?"

Mpira mpya, plagi mpya na chujio safi vilirudisha nguvu kiasi kwamba Marwa alirudi kutoka kujaribu akiwa anapiga usukani kwa furaha, akasema inatosha. Nikamwambia bado, maana sasa linakwenda kasi kuliko breki zake. Tukaweka diski mpya za mbele, pedi nzuri, tukatoa mafuta ya breki yaliyokuwa meusi kama chai ya msiba, tukaweka mapya. Matairi yalikuwa ya mtumba, yana kashata nzuri juu, meno hayajalika, lakini mpira umekauka, ukiukunja unaona nyufa. Yakatoka. Springi alizozikata zikatoka, tukarudisha urefu wa kiwandani, na chini ya injini tukafunga bati gumu la kuzuia mawe. Alilia kidogo kuhusu urembo. Nikamwambia gari la spoti linalogusa kila jiwe ni jembe.

Kisha tukalipunguza uzito, na hii ndiyo nguvu ambayo haidai mafuta. Kwenye buti kulikuwa na spika kubwa kama kabati la nguo, ringi mbili za chuma zilizopinda, gunia la vipuri vya karasha, na jeki ya lori. Sikuuliza jeki ya lori ilikuwa ya nini. Gari lilipoondolewa mzigo ule lilinyanyuka nyuma kama punda aliyeshushwa magunia.

Mafla tuligombana. Marwa aliamini kelele ndiyo nguvu. Nikamwambia kelele ni nguvu inayopotea ikilalamika. Tukamfungia bomba pana kidogo, laini ndani, lenye mafla halali, na yale masega ya kuchuja moshi tukayaacha mahali pake. Msije mkayang'oa ya mteja mkayauza, nitawajua. Mbele tukaongeza kipoza hewa kikubwa kidogo, ili hewa ya turbo iingie ikiwa baridi, maana hewa ya moto inachosha injini na inaweza kuiua.

Mwisho kabisa ndipo kompyuta. Enzi zangu ulikuwa unageuza skrubu na kusikiliza. Neema alichomeka waya chini ya dashibodi, akafungua kompyuta yake mapajani, akaanza kuisemesha injini. Niliona wivu, sikatai. Nikachukua bisibisi ndefu, nikaweka ncha kwenye injini na mpini kwenye sikio, kama Mzee Shabani alivyonifundisha. Neema akapandisha nguvu kidogo, tukajaribu, akapandisha tena. Ghafla nikasikia mlio mdogo, kama punje za mahindi zinatikiswa kwenye bati.

"Inagonga," nikasema.

"Naiona hapa," Neema akasema wakati huo huo. "Narudi nyuma."

Akarudi nyuma, na akarudi tena kidogo kwa ajili ya siku za joto na mafuta mabaya ya njiani. Pale ndipo ufundi ulipo. Kupandisha anaweza yeyote mwenye kidole.

Tukiwa tumemaliza, siku mbili baadaye, nani akaingia gereji? Mzee Nyamhanga, koti refu, fimbo mkononi.

"Shikamoo, tata," nikamwamkia kama baba.

"Marahaba. Wewe ndiye unayemwongezea nguvu huyu mura?"

Nikakiri kwamba kijana ni mteja wangu. Nilifikiri fimbo inanihusu. Lakini mzee alikaa kwenye tairi, akaniambia kwamba Bhoke amekataa kula siku tatu, na amemwambia baba yake maneno haya: "Ng'ombe wa mahari huwa unawapima kabla ya kuwakataa. Gari umelikataa bila kulipima." Mzee akaona ameshikwa pabaya. Kwa hiyo atalipima, na likimshinda Marwa kulishika, posa imekufa na isiletwe tena.

Kisha akaniinamia. Siku ya kupima, akasema, mdogo wake atavusha ng'ombe barabarani, mbele ya ile kona. Marwa asiambiwe. Nikamwambia hiyo ni hatari. Akasema ng'ombe ni wake, na yeye mwenyewe atakuwa ndani ya gari. Tukavutana mpaka akakubali wakae mbali na kona, mahali ambapo dereva mwangalifu atasimama bila shida, na mdogo wake asimame na kitambaa chekundu kwa ajili ya magari mengine. Akaniapisha nisiseme. Nikaapa. Mpaka leo najilaumu. Ingekuwa nyie mngefanyaje, semeni.

Siku ya siku, asubuhi, tukakutana nyumbani kwa mzee. Mmewahi kuona wazee wakipokea ng'ombe wa mahari? Kila mmoja anatembezwa, anaangaliwa kwato, jicho, mkia. Nimewahi kuona mtamba akirudishwa kwa sababu mzee alisema ana macho ya kutoroka. Ndivyo Mzee Nyamhanga alivyolizunguka gari. Bhoke alisimama mlangoni amefunga mikono, na Marwa alikuwa anatokwa jasho kwenye baridi.

Mzee akabonyeza tairi kwa kidole gumba. "Miguu mipya."

"Mipya, baba."

"Fungua mdomo." Boneti ikafunguliwa. Akanusa. Akagonga kipoza hewa kwa fimbo, taratibu. "Liwashe." Likawaka. Akasubiri, akainama, akasubiri tena. "Mbona halingurumi?"

"Nililitoa ngurumo, baba," Marwa akasema. "Nilijua linakusumbua."

Mzee akamwangalia. Akaingia mbele, fimbo katikati ya magoti, nami nikasukumwa kiti cha nyuma. Viti vya nyuma vya magari haya vilitengenezwa kwa ajili ya mkoba. Magoti yangu yalikuja kukaa karibu na masikio.

Tukapanda na barabara mpaka juu, tukageuza, tukaanza kuteremka kuelekea ile kona. Lami nzuri, jua zuri, hakuna gari. Ilikuwa barabara ya kumponza mtu. Mimi najua kilicho mbele, na nimeapa. Nikaanza kukohoa.

"Fundi, una kifua?" mzee akaniuliza bila kugeuka.

"Vumbi, tata."

"Hakuna vumbi."

Kona ikaja. Nikafumba macho, nikaona migomba. Halafu nikasikia injini inashuka sauti, gia inarudi chini, gari linatulia lenyewe kabla hata kona haijaanza. Nilipofumbua macho tulikuwa tumeshatoka upande wa pili polepole, na kule mbele barabara ilikuwa imejaa ng'ombe, dume la kahawia likiwa katikati limesimama kama mwenye barabara. Marwa akakanyaga breki kwa upole. Tukasimama mbali nao. Mdogo wake mzee akabaki ameshika kitambaa chekundu, hajui akipungie nani.

Mzee akageuka nyuma akaniangalia mimi. "Nani alimwambia kuna ng'ombe?"

"Sikusema, tata. Nilikohoa tu."

"Hakuna aliyeniambia, baba," Marwa akasema.

"Mbona ulipunguza kabla hujawaona?"

Marwa alishangaa swali lenyewe. "Kona ile sioni upande wa pili. Fundi ameongeza nguvu ya gari. Macho yangu ni yale yale."

Ng'ombe walikuwa wanavuka mmoja mmoja. Mzee aliwatazama mpaka wa mwisho.

"Mwita alikuwa anaijua kila kona ya barabara hii," akasema. "Ndiyo maana hakupunguza."

Nilitamani kumshika bega lakini nilikuwa nimekunjwa. Mdogo wake akapita na fimbo yake, akatupungia, akateremka bondeni na mifugo.

"Haya," mzee akasema. "Nionyeshe na hiyo nguvu."

Tukaenda mpaka chini, tukageuza, tukaanza kuupanda mlima. Mbele yetu lori la mawe lilikuwa linapanda kwa kuomba. Marwa akakaa nyuma yake kwa umbali. Mstari wa katikati ulikuwa haukatiki, akangoja. Ukakatika lakini mbele kulikuwa na pikipiki inashuka, akangoja. Mzee akaanza kupigapiga fimbo sakafuni. Njia ilipofunguka, nyeupe, ndefu, Marwa akaweka indiketa, akashusha gia, akakanyaga.

Gari liliondoka. Halikunguruma, halikukata pumzi, lilisukuma tu mgongo wetu kwenye viti kwa mkono mpole, na lori likawa pembeni, halafu nyuma, na sisi tumesharudi upande wetu huku mshale wa mwendo ukiwa bado chini ya kile kilichoandikwa kwenye kibao cha barabarani. Mzee alikuwa ameng'ang'ania mlango. Kisha kikatoka kifuani mwake kitu ambacho sikukitambua mara moja. Alikuwa anacheka. Alicheka na machozi yakashuka pamoja, wala hakuyafuta.

"Hiki ndicho alichokuwa anakipenda," akasema. "Mwanangu. Sikuwahi kupanda naye hata siku moja."

Marwa akawasha indiketa, akaegesha pembeni, akazima gari.

"Mwambie baba yako alete ng'ombe," mzee akasema. "Na nitawapima mmoja mmoja, asiniletee wanaochechemea."

Marwa aliweka paji la uso kwenye usukani, mabega yakaanza kutikisika. Mzee akageukia dirisha lake, akajifanya anaangalia mashamba, ili kijana apate nafasi. Nami kule nyuma nililia, na waliponiuliza nikawaambia ni magoti.